Niliunadi Uponyaji Wangu

Kanisani kwetu, kwenye mteremko ulio juu kidogo ya mji wa Sanya Juu, ibada haimaliziki kwa baraka ya mchungaji. Inamalizikia nje, kwenye nyasi, ambako vitu vilivyoletwa kama sadaka hunadiwa: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa, kuku waliofungwa miguu. Anayenadi ni mimi. Hakuna kikao kilichonichagua. Siku moja mzee wa kanisa alikaukiwa sauti katikati ya mnada, mimi nikadakia kutoka nyuma kwa mzaha, watu wakacheka, kuku mkondefu akagombewa na wanaume wanne, basi, tangu hapo kazi ikawa yangu. Nawajua wote. Namjua mwenye mkono mzito na namjua anayejibanza nyuma ya mparachichi ili nisimwone. "Wewe uliyejificha, tumbo lako limetokeza huku!" nasema, na anatoka anacheka na kununua. Naeleza haya mwanzoni kwa sababu hicho kipaji cha mdomo ndicho kilichonifunga.

Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto. Nilikaa nao muda mrefu bila kumwambia mtu, kwa ujinga tu, nikijidanganya kwamba ng'ombe alinipiga kichwa wakati namkamua. Nilipofika hospitali ya rufaa Moshi ulikuwa na ukubwa wa yai na ngozi juu yake ilikuwa imevutwa ndani. Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu wa kwanza. Alitoa rula mfukoni, rula ya plastiki kama ya mtoto wa shule, akaupima huku na huku, akaandika. Wakachukua kinyama wakapime. Jibu liliporudi likawa ndilo lile ambalo nilikuwa nimeshalijua moyoni.

"Basi kateni leo," nilimwambia. "Nimekuja na kanga mbili na sabuni. Niko tayari."

"Hatuanzi na kukata, mama. Kimeshika ngozi na kimeshaingia kwenye tezi za kwapani. Tukikata sasa tutaacha mabaki. Tunaanza na dawa, kipungue, halafu ndiyo tukate."

"Yaani nirudi nacho nyumbani?"

"Utarudi nacho. Kwa miezi sita hivi. Na kikiwepo ni vizuri, kwa sababu nitakipima kila ukija na nitajua kama dawa inakubali."

Jamani! Nilikasirika. Niliona kama mtu amenionyesha nyoka ndani ya nyumba, kisha akanifungia mlango. Ningekuwa na kisu pale ningejikata mwenyewe. Lakini nilitia sahihi, kwa sababu sikuwa na mlango mwingine.

Kila baada ya siku ishirini na moja nilikwenda kutundikiwa dripu. Kulikuwa na dawa moja nyekundu ambayo nesi aliisukuma taratibu kwa bomba la sindano huku akiniangalia usoni, na nikienda chooni baadaye mkojo unatoka mwekundu vilevile. Usiku wa dripu nililala kwa dada yangu anayekaa Rau, palepale Moshi, maana kupanda mlimani nisingeweza. Nywele zilikwisha wiki ya tatu. Kucha zikawa nyeusi. Mdomo ukajaa vidonda, mimi, mnadi, nikawa naongea kwa kuashiria kama bubu. Kilichoniumiza zaidi ni harufu ya ndizi zinapochemka. Nimezaliwa ndani ya migomba, nimeolewa ndani ya migomba, kihamba chetu, shamba la ukoo, kimezunguka nyumba pande zote nne, na kila jiko la jirani linachemsha ndizi. Nilikuwa natapika kwa harufu ya nyumbani kwangu, wala hapakuwa na pa kwenda.

Mara mbili nilirudishwa bila dripu. "Damu yako iko chini, mama, rudi wiki ijayo." Nikirudi nyumbani na habari hiyo, mama mkwe wangu anatoka kwenda kwa wachinjaji. Kesho yake ananiletea kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi anayopewa mwanamke aliyetoka kujifungua, anakaa mbele yangu mpaka nimalize bakuli. Mume wangu ni mpagazi wa mlimani, anapandisha mizigo ya wageni, siku nyingi hayupo. Aliyenikatia majani ya ng'ombe, aliyenifulia mashuka, aliyenikanda miguu, ni huyo mama. Nataka hili lieleweke kabla sijasema mengine. Alinipenda, na mimi nilimpenda.

Na uvimbe ukaanza kupungua. Dripu ya nne rula ilisoma nusu. Ya sita daktari alitafuta kwa vidole, akafumba macho akatafuta tena, kisha rula akairudisha mfukoni bila kuitumia.

"Kimekwenda wapi?" nilimuuliza, na nilikuwa nacheka.

"Kimepungua sana, sikipati kwa mkono. Dawa imekubali. Lakini sikiliza, mama. Kutokishika si kwamba hakipo. Tutamaliza dripu zote, na upasuaji uko palepale. Nataka nikupasue kabla hujamaliza wiki ya tano baada ya dripu ya mwisho. Ukichelewa, kinaanza upya."

Sentensi ya kwanza niliisikia. Zile nyingine aliziandika kwenye kadi pamoja na siku ya kulazwa, na kadi niliiweka ndani ya Biblia.

Nyumbani nilimshika mama mkwe mkono nikauweka mwenyewe pale pale. Alipapasa, akapapasa, akapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Akamtaja Ruwa, Mungu wetu kwa Kichagga, mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia. Kabla dripu za mwisho hazijaisha alishakwenda kwa mchungaji kupanga Jumapili ya shukrani. Ningeweza kumzuia. Wee, nani amzuie! Nami nilitaka. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, nilitaka mtu aniambie yamekwisha, na ikiwa hakuna wa kuniambia basi nijiambie mwenyewe kwa sauti kubwa.

Jumapili hiyo, dripu zote zimekwisha, nilisimama mbele na kitambaa kichwani. Nikawaambia, "Kilikuwepo, mlikijua, mliniombea. Sasa hakipo." Dawa nadhani niliitaja. Niliitaja mara moja, harakaharaka. Kisu sikukitaja kabisa. Kwaya iliimba, akina mama wakanisindikiza kwa kucheza mpaka mlangoni, na nje tulikuta mkungu wangu wa mshare, ndizi za kupika, mkubwa, mama mkwe aliuchagua tangu ukiwa mchanga. Mzee wa kanisa akataka kuunadi yeye ili mimi nipumzike. Watu wakakataa. "Anadi mwenyewe! Anadi mwenyewe!"

Nikanadi. Sauti yangu ilikuwa imerudi. "Haya, huu si mkungu, huu ni ushuhuda! Anayeula huu haumwi hata kichwa! Nani anauchukua?" Mungu anisamehe, hayo ndiyo maneno yangu, neno kwa neno. Mikono ikapanda. Na kati ya mikono hiyo ulikuwepo wa jirani yetu, mjane anayekaa chini ya mfereji, mama mpole ambaye kila Jumapili huleta mayai matatu na hajawahi kununua chochote. Kila mtu akipandisha, naye anapandisha. Nikamchokoza, "Eti wanaume, mnashindwa na mama wa mayai? Mama, leo umeamkia upande gani?" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akapewa mkungu, akajitwisha peke yake, akateremka nao.

Wiki iliyofuata ndiyo nilifungua Biblia nikaiona kadi. Siku ya kulazwa ilikuwa Jumatatu inayokuja.

Mume wangu alikuwa ameshuka mlimani. Nilimwambia. Akavua buti moja, akakaa nayo mkononi.

"Si ulisema kimeisha?"

"Nilisema."

"Mbele ya kanisa zima."

"Ndiyo, mbele ya kanisa zima. Nilikuwepo!"

"Amua wewe," akasema. Amua wewe ni neno ambalo mwanaume hulitumia akitaka lawama ibaki kwako.

Nadhani ni yeye aliyemwambia mama yake, kwa sababu kesho yake asubuhi mama mkwe alikuja mlangoni kwangu akiwa ameshika jani la isale. Isale ni ule mmea mwembamba tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mtu akikukosea, akaja kwako na jani lake mkononi, huwezi kumkatalia msamaha wala ombi lake. Hata kama alikuvunjia nyumba. Ndugu walioshikiana mapanga wamepatanishwa kwa jani hilo. Na kwa kawaida ni mdogo anayempelekea mkubwa. Sijawahi kuona mkwe mzima, mwenye mvi, akimpigia magoti mke wa mwanawe.

Alipiga magoti kwenye kizingiti. "Mama watoto, nakuomba," alisema. "Usiende. Mungu amemaliza kazi, umeshamshukuru, watu wameshakula. Ukienda kukatwa utakuwa umemfanya Mungu mwongo na sisi wote waongo. Nakuomba kwa hili."

Nilimwambia ainuke. Hakuinuka. Nilimwambia daktari alisema. Alinyoosha jani tu. Magoti yake ni mabovu, nilikuwa namwona anavyotetemeka. Huyo ndiye aliyeninywesha kisusio kwa kijiko. Ningefanya nini? Nililipokea. Nilipolipokea tu nikajua nimefungwa, na kwamba kamba nilikuwa nimeisokota mwenyewe siku ile kwenye nyasi.

Jumatatu ikapita. Simu ikaita, namba ya hospitali, nikaitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena kesho yake. Nikaifukia ndani ya debe la mahindi ili nisiisikie.

Siku zile nisingemtakia adui yangu. Dripu sina, kisu sina. Nilikuwa nimesimama katikati ya mto, huku sirudi na kule sivuki. Kila nikioga vidole vinakwenda vyenyewe pale pale, vinatafuta. Na watu! "Shuhuda wetu!" wananiita njiani. Mama mmoja alinisimamisha sokoni Sanya Juu niuguse mguu wa mtoto wake. Niliugusa, kwa sababu sikujua namna ya kukataa, nikaenda nyuma ya vibanda nikalia kwa hasira. Nilikuwa namchukia kila mtu: mama mkwe, mume wangu, mchungaji, kwaya, na zaidi ya wote huyo mwanamke mwenye mdomo aliyesimama kunadi. Jumapili nilinadi kama kawaida. Hakuna aliyejua.

Wiki ya tano ilipokwisha, asubuhi moja naoga, vidole vikasimama. Si kwenye titi. Kwapani. Punje ndogo, ngumu, kama ya kahawa. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, maji yakapoa. Niliogopa kufa. Nasema wazi, niliogopa kufa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote au kanisa lolote.

Nikavaa, nikaenda mpakani, nikakata isale.

Mama mkwe alikuwa anakata majani ya ng'ombe chini ya migomba. "Shikamoo, Mama." "Marahaba." Hakugeuka. Nikapiga magoti kwenye majani mabichi, nikanyoosha jani. Aliposikia kimya akageuka, akaliona, akang'aka.

"Inuka! Hujanikosea kitu."

"Bado, Mama. Nakuja kukukosea. Kesho nakwenda hospitali wanikate. Naomba msamaha kabla."

"Isale haliletwi kabla ya kosa!"

"Wewe uliniletea kabla ya kosa."

Mundu ukaning'inia mkononi mwake. Nikauchukua mkono ule mwingine nikaupeleka kwapani kwangu, kama nilivyoupeleka siku ile ya furaha. Alipapasa. Nilijua alipoipata, kwa sababu pumzi yake ilikatika. Akautoa mkono haraka, akakaa chini kwenye majani, akalipokea jani langu, akalia. Kati ya kwikwi ndipo nikasikia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa katika miaka yote ya ndoa: dada yake aliumwa hivyohivyo, alipelekwa akiwa amechelewa, akakatwa, akarudi kwenye sanduku.

"Sikuogopa kanisa," alisema. "Nilisema kanisa kwa sababu ningesema kisu usingenisikiliza. Niliogopa kisu."

Ningemkasirikia, nikashindwa. Tulikaa pale mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa.

Daktari hakunipokea kwa tabasamu. "Ulikuwa wapi?" Nikamweleza yote, ushuhuda, mkungu, isale. Nilidhani atacheka. Alisikiliza, akanipima kwa mashine na kwa vidole, akatoa ile rula akaiweka kwenye punje yangu. Akasema bado kuna nafasi, lakini nisithubutu kutoka nje ya geti. Sikuthubutu. Titi lote likatolewa na tezi za kwapani pamoja nalo. Majibu ya kilichokatwa yalipokuja aliyasoma polepole: dawa ilifanya kazi kubwa, haikumaliza. Pale pale ambapo mikono yote ilipapasa ikasema hakuna kitu, palikuwa na vipande vidogo vilivyo hai. Bado nina mionzi mbele yangu na vidonge vya miaka. Sijui yatakavyokwisha na sijifanyi kujua.

Niliporudi, nilimwomba mchungaji dakika tano. Nikasimama pale pale niliposhangiliwa, upande mmoja wa gauni umelala. "Nilisema hakipo," niliwaambia. "Kilikuwepo. Niliponywa nusu nikatangaza nzima. Dawa ilikipunguza ili kiweze kukatwa, nami niliambiwa hivyo tangu mwanzo, nikawaficha kwa sababu nilipenda mlivyonishangilia. Nisameheni." Hakuna aliyesema amina. Mama mkwe, kiti cha mbele, aliitikia peke yake, "Tumekusamehe," kwa sauti ya ugomvi, akawageukia watu awaone wanaopinga.

Nje nilikamata kuku wa kwanza. "Haya, nani ananunua kuku kwa mwongo?" Wakacheka kidogo, kwa tahadhari. Nilikuwa natafuta mkono wa kwanza nilipomwona yule mjane. Amesimama mbali, ukutani, hana mayai. Amekonda. Kanga ameivuta mpaka shingoni na jua lilikuwa linawaka. Ananitazama tu. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimpa mama mkwe kuku, yeye ambaye hajawahi kunadi maishani mwake, nikamfuata jirani yangu nyuma ya kanisa.

Alichukua mkono wangu akaupitisha chini ya kanga. Palikuwa pagumu na pa moto.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaanza kwenda Moshi."

"Na umekaa?"

"Nilikula ule mkungu wote peke yangu," alisema. "Hata mjukuu sikumpa. Ulisema anayeula haumwi. Nikawa nangoja kiyeyuke kama chako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikumbuka kicheko cha watu siku ile, na uso wake usiocheka, na mimi nikimuuliza ameamkia upande gani. Kule mbele nilimsikia mama mkwe akimfokea mzee mmoja amchukue kuku na kuacha maswali. Nilimshika jirani mabega nikamwambia kesho alfajiri namfuata mlangoni kwake, na asiniletee jani lolote.

Kesho yake, Moshi, daktari alitoa rula. Alipima huku na huku, akapima tena. Kilikuwa kikubwa kuliko changu. Akaandika, kisha akanitazama mimi, siyo jirani.

"Kinyama kwanza, tuwe na uhakika," alisema. "Majibu yakithibitisha, tutaanza na dawa."

Jirani alinigeukia, macho yamemtoka. "Kitayeyuka?"

"Kitayeyuka," nilimjibu. "Hata kidole hakitakiona. Halafu utakatwa, unanisikia? Utakatwa, na mimi nitakaa mlangoni mpaka utoke."